Maswali Matano ya Kontena

Mhadhiri wa Biashara ya Kimataifa alipokosa kuja darasani kwa mara ya tano mfululizo, wanafunzi wa jioni walilipokea jambo hilo kila mtu kwa namna yake. Muuguzi alilala juu ya daftari, maana alikuwa ametoka zamu. Mwenye duka la viatu alinung'unika kwamba ada yake inaliwa bure. Karani wa bima alihesabu siku zilizobaki kabla ya mtihani, akapata ishirini na moja, akahesabu tena kwa matumaini kwamba zitaongezeka. Na kule nyuma, kwenye kiti kilicho karibu na soketi ya umeme, kijana mmoja mwenye koti la kijivu aliwatazama wote walivyohangaika, akasikia harufu ya riziki.

Wenzake walimwita Kontena. Jina hilo alijitafutia mwenyewe, kwa sababu tangu siku ya kwanza hakuweza kuongea dakika kumi bila kutaja makontena yake, ambayo siku zote yalikuwa njiani. Miaka minne yalikuwa njiani. Mtu angeyasukuma kwa mikono yangekuwa yamefika. Lakini watu wa masomo ya jioni wanatoka kazini hoi, na mtu aliyechoka hachunguzi. Walimwamini kwa sababu ya koti.

Ukweli ni kwamba Kontena hakuwa na kontena, wala kasha, wala hata sanduku la maana. Alikuwa na shangazi. Shangazi huyo aliagiza majokofu yaliyotumika kutoka nje na kuyauza, na ndiye aliyemlipia ada. Dukani kwake kulikuwa na ofisi ndogo yenye kiti cha kuzunguka na mlango wa kioo, na Kontena aliitaka ofisi hiyo kuliko kitu chochote duniani. Akiketi pale, makontena yangekuwa ya kweli hatimaye, na yeye angekuwa mtu wa kweli pia. Shangazi alikuwa ameshasema neno lake, naye si mtu wa maneno mawili: leta cheti, uchukue ofisi, ukianguka, ofisi anachukua binti yangu, nawe ukatafute pa kula. Somo la Biashara ya Kimataifa Kontena alikuwa ameshaanguka mara mbili. Sheria ya chuo ilisema ukianguka mara ya tatu unafungasha virago.

Mtu mwenye akili timamu, katika hali hiyo, angefungua kitabu. Kontena hakuwa nacho. Alikiuza muhula uliopita kwa huyo huyo karani wa bima. Basi akafungua biashara.

Kesho yake mchana alikwenda kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, akakodi kompyuta, akatunga mtihani. Nembo ya chuo aliitoa kwenye risiti ya ada. Juu aliweka neno SIRI kwa herufi nene, chini akaweka nafasi ya namba ya mtahiniwa, na katikati akaweka maswali matano aliyoyachota kichwani mwake, mahali ambapo hapakuwa na mengi. La kwanza lilimtaka mtahiniwa ajadili nadharia ya mlango wa nyuma katika kuingia masoko ya nje. La pili lilisema: soko linapumua, thibitisha kwa mifano mitatu. La tatu lilitaka ulinganishe uwiano wa kimkakati wa mizani na mizani ya uwiano wa kimkakati. Mengine mawili yalikuwa mabaya zaidi. Aliyasoma yote kwa sauti ya chini, akaona yananukia usomi. Ilimchukua saa nzima, na nusu yake ilikwisha kwenye nembo.

Halafu akaingia sokoni. Alianza na karani wa bima, akamvuta pembeni penye ngazi, akamwambia kwamba mtihani umevuja, kwamba ni nakala moja tu, na kwamba amemfikiria yeye kwa sababu ni mtu wa siri. Karani akauliza nani mwingine anao.

"Ni wewe tu," alisema Kontena. "Na mimi. Na Mungu."

Darasa lilikuwa na watu kumi na tisa. Kumi na wanane waliambiwa hivyo hivyo, pale pale penye ngazi, na hakuna aliyemwambia mwenzake, kwa sababu kila mmoja alitaka awe peke yake atakayefaulu. Siri inayolindwa na choyo haivuji hata tone. Mwenye duka la viatu aliomba apunguziwe, akapunguziwa, kisha akataka risiti. Muuguzi peke yake ndiye aliyemtazama muuzaji machoni.

"Kama mitihani unaipata, mbona umeanguka mara mbili?"

"Dada yangu, kinyozi hajinyoi."

Muuguzi alipiga mwayo. Alikuwa na zamu sita wiki hiyo na watoto wawili nyumbani, na kitabu hakuwa amekigusa. Alinunua kama wengine, tena akashukuru, jambo ambalo lilimchekesha Kontena njia nzima.

Msidhani kwamba Kontena alikuwa mjinga kiasi cha kusahau kwamba naye ana mtihani. Hapana. Mpango wake ulikuwa na ghorofa mbili. Kwa fedha za mtihani wa uongo angenunua mtihani wa kweli, na aliyeweza kuuuza alikuwa mmoja: katibu muhtasi wa idara, mama mwenye miwani ya kamba, aliyekaa kwenye chumba kimoja cha ghorofa ya tatu kwa miaka ishirini na miwili, akiwaona wahadhiri wakija na kuondoka kama wapangaji. Karatasi zote za idara zilipita mikononi mwake.

Kontena alimwamkia kwa heshima zote, akasema ana shida ndogo.

"Shida ndogo hazipandi ngazi hadi huku juu," alisema yule mama. "Kaa, mwanangu. Sema."

Akasema. Mama hakushtuka wala hakukasirika. Alimimina chai, akamuuliza kwa nini ahangaike, wakati amesikia kwa mwenye duka la nakala kwamba kuna mtihani tayari unazunguka huko chini.

Hapo ndipo Kontena alipoponzwa na ulimi wake. Angeweza kunyamaza. Lakini tapeli ana kiu moja isiyokatika, ya kusifiwa, na kwa wiki nzima alikuwa amefanya kazi nzuri bila mtu wa kuionyesha. Akacheka, akatoa nakala mfukoni, akailaza mezani.

"Huo ni wangu, mama. Nimeutunga mwenyewe."

Yule mama alivaa miwani, akasoma swali moja moja bila haraka. "Na majibu yake?"

"Hayana majibu. Hata mimi siyajui."

"Umechapa vizuri," alisema. "Hata mistari umeinyoosha. Niachie hii, nitaicheka baadaye." Kisha akapokea bahasha ya Kontena, akaitia kwenye droo bila kuihesabu, akatoa bahasha nyingine ya kaki iliyofungwa kwa gundi, akamwonya asiifungulie njiani.

Ndani mlikuwa na maswali matano ya maana: ushuru wa forodha, viwango vya kubadilisha fedha, bima ya shehena, mikataba ya usafirishaji, na sababu za mizigo kukwama bandarini. Kontena aliazima kitabu, akajifungia. Na hapa pana jambo la aibu ambalo sina budi kulisema: alisoma. Alisoma wiki mbili, mchana kutwa, akakariri, halafu akaanza kuelewa, halafu, balaa kubwa kuliko yote, akaanza kupenda. Siku moja mezani alimweleza shangazi kwa nini majokofu yake hutozwa ushuru mkubwa kuliko inavyostahili, kwamba anayatangaza kwenye kundi la ushuru lisilo lao. Shangazi aliacha kutafuna, akamtazama kana kwamba kiti kimesema. Usingizi wa siku hiyo Kontena aliulala akiwa tayari ameketi kwenye kiti cha kuzunguka.

Siku ya mtihani ilifika. Msimamizi aligawa karatasi zikiwa zimefunikwa, akatazama saa, akaruhusu. Kontena akaigeuza yake.

Soko linapumua, thibitisha kwa mifano mitatu.

Aliifunika. Akaifunua tena. Ilikuwa ile ile, hata alama ya mkato aliyoikosea kwenye swali la nne ilikuwa palepale. Aliinua macho. Ukumbi mzima ulikuwa unaigiza. Karani wa bima alikunja uso na kuitazama dari, mwenye duka la viatu alikuna kichwa na kuguna kama mtu anayebeba gunia, kila mmoja akijitahidi asionekane kuwa ameshayajua, kisha wote wakainama na kuandika kwa mwendo mmoja. Walikuwa na faida moja juu yake: hawakujua kwamba maswali yale hayana majibu.

Kontena akatokwa na jasho ndani ya koti. Akili yake, ambayo haikuwahi kumwazia mtu jema, ikampa jibu upesi: ni mtego. Wameikamata karatasi yake, wameichapa makusudi, na atakayejibu vizuri ndiye aliyenunua. Wote hawa kumi na wanane wamekwisha. Aliwaonea huruma kidogo, si sana. Kisha akafanya alichoona ni ujanja wa mwisho wa ujanja: akayaacha maswali kama yalivyo, akaandika kurasa kumi na nne juu ya ushuru wa forodha, bima ya shehena na mizigo kukwama bandarini, kwa mwandiko mzuri na mifano sahihi. Lilikuwa jambo la kwanza la kweli aliloliandika tangu aingie chuoni. Alitoka wa kwanza, akipiga mluzi.

Matokeo yalibandikwa baada ya wiki mbili. Muuguzi alipata tisini na moja. Karani, themanini na nane. Mwenye duka la viatu, ambaye hakuweza kutofautisha kuagiza na kuuza nje hata kwa kidole, alipata themanini na tano. Kontena alipata nne, na hizo nne nadhani ni za kuandika namba yake mahali panapotakiwa.

Wenzake walimvamia pale pale kwenye ubao wa matangazo. Sasa walijua kwamba kila mmoja aliambiwa ni yeye tu, lakini nani atajali akiwa na themanini? Walimpigapiga mgongoni, wakamwita mtu wa neno lake. Mwenye duka la viatu alitaka kuweka oda ya muhula ujao, kwa bei ya jumla. Kontena aliwapita akapanda ngazi.

Yule mama alikuwa anakata kucha. Alimweleza bila kuficha, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Mhadhiri anafundisha vyuo vinne, na hakuna hata kimoja anachofika kwa wakati. Siku ya mwisho ya kuwasilisha mtihani alipiga simu akasema atafutiwe chochote. "Nikampelekea wako. Akatia sahihi. Akasema swali la tatu lina kina."

"Na kusahihisha?"

"Alisoma ya muuguzi, akaona amejaza kurasa na mwandiko unasomeka, akaifanya ndiyo majibu. Waliofanana naye wamepita. Si wenzako walikuwa wakimwomba yeye awasaidie kujibu?" Kumbe wale wengine wote kumi na saba, kila mmoja kwa siri yake, walikuwa wamemwendea muuguzi.

"Nami ulichoniuzia?"

"Mtihani wa mwaka juzi. Mzuri ule. Siku hizi hawatungi hivyo."

Kontena alisema atakwenda kushtaki kwa mkuu wa chuo. Mama akamwambia aende, tena avae koti, akaeleze alivyouza mtihani wa uongo na ukamgeukia wa kweli. Kontena alifika mlangoni, akakosa pa kwenda.

Kwa shangazi hapakuwa na maneno mengi. Alijaribu kumweleza habari ya ushuru, na alieleza barabara, kila neno lilikuwa sahihi. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Unayajua hayo yote, ukapata nne," alisema. "Basi ama chuo ni kijinga, ama wewe. Na chuo nimekilipa mimi."

Ofisi akapewa binti yake. Wiki hiyo hiyo binti alibadilisha kundi la majokofu kwenye fomu za forodha, kama Kontena alivyosema, na ushuru ukashuka. Shangazi alimsifu binti.

Mwezi mmoja baadaye katibu muhtasi alimtafuta Kontena kwa simu. Mhadhiri sasa ana vyuo vitano, na muhula unakaribia. Kazi ya kutunga ipo, ujira ni kidogo, jina halitaandikwa popote, na kelele hazitakiwi. Kontena, aliyekuwa amelala siku ya tatu kwa rafiki, alikubali kabla mama hajamaliza.

Safari hii alitaka kufanya jambo la heshima. Alikaa siku mbili, akatunga maswali matano safi juu ya forodha, mikataba na hatari za fedha za kigeni, maswali ambayo mtu akiyajibu atakuwa amejifunza biashara. Akayapeleka ghorofa ya tatu akiwa na fahari ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa kitu alichokifanya.

Mama alivaa miwani, akasoma yote, akatikisa kichwa taratibu, akamrudishia karatasi.

"Haya yana majibu, mwanangu. Itabidi mhadhiri ayasahihishe. Andika kama yale ya kwanza."

Kulikuwa na kiti cha mbao pembeni ya kabati la majalada. Kontena alivua koti, akaketi, akaandika.