Mkazi Halali wa Nyamirambo

Jumatatu, 20 Oktoba 2025
Nimeamua. Nahamia mtaa wa Nyamirambo! Si kuhama kwa kweli, kuhama kwa kuonekana tu. Kuna msaada wa wazee wasiojiweza, lakini jina lako hupitishwa na majirani wa pale unapoishi. Mimi naishi Rebero kwa binti yangu Liliane, nyumba ya vigae, mbwa wawili. Nani ataniita fukara huko? Na kila nikitaka vocha ya simu sharti nimwombe mkwe wangu Muhire. Hutoa huku akitabasamu. Tabasamu lile linanichoma! Nataka hela yangu mwenyewe, basi.

Jumanne, 21 Oktoba
Manzi, fundi cherehani wa Nyamirambo, amekubali kunipa chumba cha nyuma anamoweka mabaki ya vitambaa. Akauliza kama nitalala humo. Nikamwambia kulala si lazima. Lazima ni kuonekana nikipiga mswaki mlangoni asubuhi. Liliane nimemwambia naenda mazoezi. Amefurahi, maskini.

Alhamisi, 23 Oktoba
Nimepiga mswaki hadi fizi zinauma. Na kuna adui! Habiyaremye, dereva mstaafu, mlango wa pili. Ameuliza mbele ya watu ni mkazi gani wa hapa anayeletwa na pikipiki kila asubuhi, helmeti kichwani, mswaki mdomoni. Mtu hana kazi ila kuchungulia! Lakini mkono mtupu haulambwi. Nikamnunulia chai ya maziwa na chapati. Kimya. Majirani wakasogea, nao nikawanunulia. Hela ni ile ya viatu vya mazoezi aliyonipa Liliane.

Jumamosi, 25 Oktoba
Umuganda, siku ya usafi wa pamoja. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtaa mzima nje na majembe. Rebero siku hii huwa naumwa mgongo. Leo nimezibua mtaro huku naimba! Joselyne, mkuu wa mudugudu, yaani kitongoji chetu, akasimama kuniuliza jina. Ushindi! Kazi ilipokwisha nikawaagizia wote mandazi na soda. Habiyaremye alikunywa mbili, akaniita ndugu. Sasa mgongo unauma kweli.

Jumanne, 28 Oktoba
Mkutano wa wananchi. Joselyne akauliza nani anamtambua Mzee Nasiri kuwa mkazi wa hapa. Mikono yote juu! Nusura nilie. Kisha Habiyaremye akasimama, kofia mkononi. Akasema huyu ni mwenzetu kabisa, na tangu ahamie hapa hakuna aliyeshinda na njaa. Mtaa haujapata kuona moyo kama huu, wala mfuko kama huu. Nikamkonyeza anyamaze. Akadhani namhimiza, akaanza upya na habari za soda.

Wakapiga makofi, wakaamua kwa sauti moja. Mimi ni mkazi, tena mkazi mwenye uwezo. Jina langu limeondolewa kwenye orodha ya wasiojiweza, nimetiwa kwenye kamati ya wanaowasaidia. Nimekabidhiwa papo hapo mzee wangu wa kwanza, nimlipie mituweli, bima yake ya afya. Habiyaremye!

Jumatano, 29 Oktoba
Ilibidi hela ya bima hiyo nimwombe Muhire. Akanisifu eti baba mkwe wake ana huruma, akamwita na Liliane aje asikie. Aibu iliyonishika naijua mwenyewe.

Lakini nimekaa, nimefikiri, kosa nimeliona. Kosa ni mtaa! Nyamirambo watu wanapenda kula, halafu wana shukrani kupita kiasi. Kimisagara hakuna anayenijua. Nimeshapata chumba huko, nyuma ya fundi wa milango. Safari hii nitakuwa maskini tangu siku ya kwanza: shati bovu, kikohozi, kila kitu. Ila ugenini mtu haingii mikono mitupu, watu watamfikiriaje? Nitawapelekea sambusa kidogo tu.