Kikosi cha Watoa Pasi

Jumatatu, 7 Julai

Jana tumeshinda tatu bila. Aibu tupu.

Mabao yote kafunga Ezéchiel, peke yake, bila kumpa mtu mpira. Anaupata katikati, anainamisha kichwa, anaondoka nao hadi golini. Wenzake wamesimama mikono kwapani kwa baridi, wanamtazama. Mechi ilipoisha mashabiki wakambeba Ezéchiel. Mimi, kocha, nikabeba chupa za maji.

Aliyefurahi kuliko wote ni Ruphin, msaidizi wangu. Ni fundi cherehani kutoka Bukavu, ndiye anayetushonea jezi. Alinijia akasema, "Coach, uliona? Mpira haina maneno mingi. Mupe Ezéchiel, tuende nyumbani." Nikamjibu kwamba huo si mpira, ni uwindaji. Akaenda kupiga picha na Ezéchiel.

Leo nimeshinda Marshalltown kwenye meza yangu ya makava ya simu, nawaza. Wateja huniita my friend. Askari wa jiji hawaniiti kitu, wananipungia tu mkono niondoke. Nyumbani namwita binti yangu Yasmin kwa Kiswahili, ananiitikia kwa Kizulu. Katika Johannesburg nzima kuna mahali pamoja tu ninapoitwa Kocha, uwanjani Bez Valley siku ya Jumapili. Nalipenda jina hilo. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jioni kinyozi alikuwa na televisheni, inacheza timu moja ya Ulaya. Pasi, pasi, pasi! Wapinzani walichoka mpaka wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Nikasimama nikiwa nimenyolewa upande mmoja. Timu yetu, Troyeville Umoja, itakuwa timu ya pasi. Kinyozi akaniomba nikae.

Jumanne, 8 Julai

Nimepita saluni kwa Mama Célestine, mwenyekiti wetu. Ndiye anayelipia uwanja, refa na machungwa ya mapumziko. Nimemweleza falsafa yangu yote. Alikuwa anasuka mteja, hakugeuka. Alipomaliza mstari akasema sawa, Papa Khatibu, jaribu. Lakini tarehe ishirini tunacheza na Nyota ya Bertrams, na hiyo nikipoteza, timu anapewa Ruphin.

Nikamwambia sina wasiwasi. Mteja akacheka, sijui alichekea nini.

Sina wasiwasi hata kidogo. Wakati wa kurudi nilisimama kwenye robot, taa za barabarani, zikabadilika rangi mara mbili nikiwa palepale.

Alhamisi, 10 Julai

Mtu anaweza kufundishwa kupiga mpira. Kutoa hafundishwi, hayo ni malezi. Kwa hiyo badala ya mazoezi nimewaalika wachezaji wote nyumbani. Zabibu, mke wangu, kapika kuku na pap, ugali wa huku, sinia moja kubwa katikati. Nikakaa pembeni kama mwenyeji mwema, kumbe nachagua kikosi.

Ezéchiel alichukua paja la kwanza, akachukua na la pili akalishika mkono wa kushoto lisubiri zamu. Kafutwa! Shemasi Firmin, yule wa kanisa la Wakongo, alichambua minofu akawagawia wa kulia na wa kushoto, yeye akabaki na shingo. Nimempata mshambuliaji wangu. Wengine nao wakaanza: karibu kaka, hapana wewe kwanza, wallahi nimeshiba. Kipande cha mwisho kilibaki kwenye sinia mpaka mafuta yakaganda. Hakuna aliyethubutu. Nilijawa na furaha nikashindwa kula.

Wageni walipoondoka Zabibu akasema vijana wana adabu sana. Nikamwambia hao si wageni, ni safu ya ushambuliaji.

Ijumaa, 11 Julai

Nimemfukuza Ezéchiel kistaarabu. Nilimfuata Braamfontein anakolinda mlango wa jengo la ofisi. Nikamwambia nampumzisha. Akauliza mpaka lini. Nikasema mpaka atakapojifunza kutoa. Akafikiri, akaniambia, "Mzee, mimi niko mushambuliaji. Nitoe nini?" Nikamwambia swali hilo lenyewe ndilo jibu. Tukapeana mikono. Ana mkono mkubwa sana.

Ruphin kanuna. Kisasi chake nimekiona jioni alipoleta makoti mapya ya benchi la ufundi. Langu limeandikwa KOCHA mgongoni kwa herufi ndogo kama za nyuma ya kopo la dawa. Lake, MSAIDIZI, limeenea kutoka bega hadi bega. Akadai neno lake lina herufi nyingi, lazima lichukue nafasi. Nimelivaa hivyo hivyo, baridi kali.

Jumamosi, 12 Julai

Nimempata Duni! Kijana wa Unguja, anauza viatu vya mitumba, ana mguu wa kushoto wa ajabu. Anatoa pasi bila kutazama. Anatoa hata kabla hajapokea vizuri. Nikamsajili palepale.

Sasa, huko nyumbani nilikotoka hakuna asiyejua jinsi timu kubwa zinavyofanya msimu wa usajili: mchezaji mzuri anafichwa, asije akachukuliwa na mahasimu. Nimemficha Duni sebuleni kwangu. Nimechukua na simu yake, kwa usalama wake. Zabibu akauliza anafichwa asionwe na nani. Nikasema na Nyota ya Bertrams. Akauliza kama Nyota wanamjua. Nikamwambia hawamjui kwa sababu nimemficha vizuri.

Duni mwenyewe hana neno. Ameosha vyombo bila kuombwa.

Jumapili, 13 Julai

Mechi ya kirafiki na vijana wa kanisa moja la Warundi. Sare, bila kwa bila. Siku tukufu!

Mpira tulikuwa nao sisi karibu muda wote. Ulikwenda kulia, ukarudi kushoto, ukaenda kwa kipa wetu, kipa akaurudisha na shukrani. Shemasi Firmin alikuja moja kwa moja kutoka ibadani, bado ana suruali ya suti, na hakupoteza pasi hata moja. Mama anayeuza magwinya, maandazi ya huku, pembeni mwa uwanja aliniuliza kama mechi imeshaanza. Ilikuwa dakika za mwisho. Nilimweleza kwa upole kwamba hivyo ndivyo inavyoonekana soka ya kisasa.

Ruphin akauliza goli liko wapi. Nikasema goli ni matokeo, hujiletea lenyewe watu wakipendana. Akaandika kitu kwenye simu yake. Nadhani alikuwa anamwandikia Mama Célestine.

Duni hakucheza wala hafanyi mazoezi, maana amefichwa.

Jumatano, 16 Julai

Ruphin kanipigia simu asubuhi na mapema, sauti imejaa raha, kunipa pole. Nikauliza pole ya nini. Ezéchiel kasajiliwa na Nyota ya Bertrams.

Nikacheka mpaka Zabibu akatoka jikoni. Habari njema kuliko zote! Sasa Nyota wana mtu asiyetoa pasi. Nimewawekea sumu ndani ya chungu chao. Ruphin akaniuliza kama naumwa.

Mazoezi ya leo nimeongeza kanuni. Mtu akikaribia goli na ana shaka, asipige, ampe mkubwa wake. Heshima ndiyo msingi wa pasi. Vijana wakaelewa mara moja, wote wamelelewa hivyo. Ilizuka kazi kidogo ya kujua nani mkubwa. Shemasi Firmin hakuna anayebishana naye, ana wajukuu. Wengine tulipanga kwa kuangalia nani anamwamkia nani. Ruphin alitaka wapige mashuti golini angalau robo saa. Nikamwambia tusiwafundishe vijana tabia mbaya siku nne kabla ya mechi.

Jumamosi, 19 Julai

Nimehesabu jezi mara tatu. Si woga.

Zabibu ameninywesha chai ya tangawizi akaniambia taratibu, "Baba Yasmin, kesho mwambie mtu mmoja tu afunge. Mmoja tu. Hata huyu Duni." Duni akasema hapana mama, yeye hawezi kuwatangulia watu wazima. Niliona fahari. Zabibu alinitazama, akamtazama Duni, akaenda kulala.

Ni kweli naogopa. Nikipoteza kesho, Jumatatu nitaamka nikiwa my friend wiki nzima, Jumapili ikiwemo. Nimelitundika koti mlangoni ili nikiamka nilione. Ukilitazama kwa karibu, KOCHA inasomeka vizuri tu.

Jumapili, 20 Julai

Naandika kwa shida, vidole vimekufa ganzi.

Kipindi cha kwanza kilikuwa kizuri mno. Tuliumiliki mpira mpaka Nyota wakaacha kuukimbilia. Beki wao mmoja alikaa chini. Ezéchiel alisimama peke yake kwenye mstari wa kati, amevaa glavu za sufu, anaota jua. Duni, ambaye hatimaye nilimtoa mafichoni, alikuwa anatoa pasi mpaka refa akapiga makofi. Bila kwa bila. Wakati wa machungwa Mama Célestine alinikumbusha kwamba ushindi huja kwa magoli. Nikamwambia asubiri.

Mwishoni kabisa, Duni alipata mpira ndani ya boksi. Kipa wao ameteleza, yuko chini, anatafuta kiatu chake. Goli wazi! Uwanja mzima ukasimama. Duni akamwona Shemasi Firmin pembeni yake, akampa, akasema, "Piga baba." Firmin akautuliza, akamtazama kijana, huruma ikamwingia moyoni. Akasema hapana mwanangu, wewe ndiye mgeni wetu, piga wewe. Akamrudishia. Duni akasema haiwezekani, akamrudishia. Kipa alikuwa anafunga kamba za kiatu.

Ruphin akapasua sauti, "Piga, Tata Diacre! Piga, ku jina ya Yesu!" Shemasi aliposikia jina hilo akajiweka sawa. Akarudi hatua moja, akanyanyua mguu.

Mimi nikapiga kelele, "Pasi!"

Sijui kwa nini. Ilitoka yenyewe, wiki mbili nimekuwa nasema neno hilo moja tu. Shemasi ni mtu mtiifu. Akateremsha mguu akaurudisha mpira nyuma, kwa beki wetu, ambaye hakuwepo kwa sababu alikuwa ameshapanda mbele kushangilia. Mtu wa Nyota akaubutua. Ezéchiel akavua glavu moja, akauchukua, akainamisha kichwa. Yaliyobaki sina haja ya kuyaandika.

Alipofunga hakushangilia. Alikuja hadi kwenye benchi letu akanipa mkono, akasema, "Pole, mzee." Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mama Célestine hakugomba. Aliniomba filimbi yangu ya ukocha mbele ya wote, akampa Ruphin. Ruphin akaipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, adabu ambayo hajawahi kunionyesha. Nikatembea peke yangu hadi Troyeville. Vijana waliokaa kwenye spaza, kiduka cha mtaani, walinisalimu, "Sharp, mdala," yaani salama, mzee. Nimelia kidogo njiani na sina sababu ya kusingizia upepo.

Jumatatu, 21 Julai

Sikwenda kazini. Nimekaa nyumbani kuichambua mechi.

Duni ameondoka asubuhi. Ruphin kamwita mazoezini, atamchezesha mbele, na amemwamuru asimpe mtu mpira. Kijana kakubali, hawezi kumkatalia mtu kitu. Zabibu alimfungia chakula cha njiani ingawa anakaa mtaa wa pili.

Kosa nimeliona. Watu wanasema tulishindwa kwa sababu hakuna aliyepiga. Si kweli. Tulikuwa salama kabisa mpaka Shemasi aliponyanyua mguu. Nia ya kupiga ndiyo iliyovuruga mpangilio! Laiti asingefikiria goli, mpaka sasa tungekuwa bado na mpira.

Mchana Mama Célestine amepita nyumbani. Nilidhani amekuja kuchukua koti. Kumbe wasichana wa saluni yake wana timu ya mpira wa pete, mwalimu wao kahamia Durban, na anaomba niwatunzie mabegi na chupa za maji mpaka apatikane mwingine. Zabibu akasema mbele yake kwamba kazi hiyo inanifaa sana. Nikamwambia Mama Célestine kwamba nimeupokea ukocha kwa moyo mmoja. Akaomba maji ya kunywa.

Jioni nimekwenda kuwatazama. Wasichana wakaniamkia, mmoja akaniita Kocha! Tena mchezo wenyewe ni kama niliutunga mimi. Hairuhusiwi kukimbia na mpira. Ukiupata lazima utoe. Kutoa ndiyo sheria! Nimeishi miaka yote hii sikuujua vizuri mchezo huu.

Kuna dosari moja tu. Chini ya goli kuna msichana mrefu anaitwa Jocelyne. Wote wanatoa, yeye akishapewa anatupia wavuni, wala hamrudishii mtu. Nimeuliza kwa nini anaachiwa kufanya hivyo. Wakasema ndiye mfungaji, ndiyo kazi yake, timu inamtegemea yeye.

Mazoezi ya kesho naanza kwa kumweka benchi.