Zeze la Mama Yake Daktari Shu

Jumapili, 1 Julai 1973. Buzebazeba.

Nimeliona! Daktari Shu, yule mama wa Kichina aliyemtibu mama yangu, amelitoa zeze lake na kutupigia barazani. Refu kama mlango, linalazwa chali, na kila uzi una kidaraja chake. Mkono wa kulia unadonoa, wa kushoto unakandamiza uzi mpaka sauti inapinda. Alisema ni la marehemu mama yake, na wiki ijayo anarudi nalo kwao. Sikusikiliza sana. Nilikuwa naiwaza Saba Saba, atakapopiga mbele ya umati.

Mwenyekiti wa mtaa wetu anatafuta mtu wa kumtunzia Daktari zeze jukwaani na kuwaeleza wananchi maana ya wimbo. Wageni wa mkoa watakuwepo. Mtu huyo ni mimi.

Jumanne, 3 Julai.

Pastory wa Kalinzi, aliyekuwa nasi barazani Jumapili, naye anaitaka nafasi yangu! Kisa anapiga inanga, ule ubao wa Waha wenye nyuzi. Anapiga huku ananong'ona utadhani yuko kitubioni. Nimemuwahi. Nimemwambia Mwenyekiti kwamba nilisomea muziki wa Kichina Dar es Salaam. Dar nilifika mara moja tu, kwenye msiba. Nafasi nimepewa.

Alhamisi, 5 Julai.

Daktari amenieleza wimbo wake. Mwanamke anafua mtoni, anamuwaza mwanawe aliye mbali. Panapokuwa kimya, ameacha kufua, anasikiliza kama kuna hatua zinakuja. Nikaitikia kwa kichwa. Wananchi watasinzia! Mimi nitasema ni wimbo wa trekta linalovuka mto kwenda shamba la ujamaa. Pale penye kimya, trekta limezimika.

Jumamosi, 7 Julai. Saba Saba.

Laiti siku hii isingekuwepo.

Asubuhi Daktari alinikabidhi zeze, akaenda kubadilisha nguo. Ziwa lilikuwa limetuletea unyevu. Nilidonoa uzi, nikaona sauti imelegea. Sasa mimi ni mpiga ngoma, na hakuna mpiga ngoma anayepanda jukwaani bila kuipasha ngoma yake moto. Wenzangu walikuwa wamewasha nyasi nyuma ya jukwaa. Nikalilaza zeze katikati ya ngoma.

Pastory alipita, akasimama. "Assani, hilo halina ngozi," akasema.

Nikajua ni wivu. Nikaongeza nyasi.

Pa! Ubao ukapasuka toka kichwa hadi mkia. Vidaraja vikarukia majivuni.

Daktari hakunigombeza. Alipiga magoti na gauni lake jipya, akaviokota kimoja kimoja, akavipuliza majivu. Afadhali angenizaba kofi. Wageni walipoketi, ilibidi Pastory apande na inanga yake, akaupiga wimbo ule ule alioukamata barazani. Maelezo hayakuhitajika. Nilimsikia yule mwanamke akifua, kisha akiacha kufua. Niliumia sana.

Jumatatu, 9 Julai.

Nimekwenda stesheni kumwomba Daktari radhi. Njia nzima nilikariri: nisamehe, nimeliharibu la mama yako. Nikamkuta ameshakaa dirishani na sanduku la zeze miguuni. Nikafungua mdomo, na maneno yaliyotoka yalikuwa mengine kabisa.

"Niachie mimi, Daktari. Nitalitengeneza nikuletee Uchina."

Kwa nini? Hata kigoda sijawahi kuunda! Treni ikapiga honi.

"Ndugu Assani, taratibu nalo," akasema, akanipitishia sanduku dirishani.

Nimelia toka stesheni mpaka nyumbani. Sistahili kuaminiwa namna hii. Nimelifungua sanduku, linanuka moshi, na nimelifunga tena.

Jioni jirani yetu Melania akauliza ni kitu gani kile. Nikasema ni zeze, Daktari amenizawadia kwa kazi nzuri ya Saba Saba. Amefurahi mno. Binti yake anaolewa wiki ijayo, na nimekubali kulipiga harusini.