Utitiri wa Askofu

Jumatatu, 4 Agosti

Mwaka huu kikombe ni changu. Nimeamua! Maonyesho ya klabu ya ndege ni Jumamosi ya wiki ijayo, na Kingaroy nzima, mji wetu huu wa Australia, haijapata kuona chiriku kama Askofu wangu. Kichwa chekundu, mgongo wa kijani, tumbo la njano, na kifua cha zambarau kilichompa jina. Kikombe chenyewe alikitoa marehemu mama mkwe. Miaka yote mshindi ni wifi yangu Dulcie, jirani yetu, naye hukiweka juu ya friji, kakijaza vibanio vya nguo. Vibanio! Ananifanyia kusudi.

Na kuna jipya. Askofu anatoa mlio kooni. Tik, tik, tik. Chiriku wa aina hii huimba kwa sauti ndogo mno, mpaka utege sikio kwenye waya, lakini huu unasikika hadi sebuleni. Nimezalisha wimbo mpya! Neville, mume wangu, kasema unafanana na jiko la gesi lililokataa kuwaka. Mwanamume huyu hana sikio la muziki. Nimepita buchani kununua nyama nikawatangazia wote kwamba ninafuga ndege mpiga ngoma. Mwenye bucha kanipa soseji ya pongezi.

Jumanne, 5 Agosti

Mkutano wa klabu. Natamani ardhi ipasuke.

Daktari wa mifugo, Dk. Tran, binti mdogo wa umbo asiyepoteza maneno, alikuja kutufundisha juu ya utitiri wa njia ya hewa. Mimi niko nyuma na keki yangu, sina habari. Eti ni vidudu vinavyoishi ndani ya koo na mapafu ya ndege. Eti ndege hupoteza sauti, hupumua mdomo wazi, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi, na hufutafuta mdomo kwenye kijiti. Na hutoa mlio. Tik, tik. Keki ilinikwama! Watu wote wakageuka kunitazama, maana hapa kwetu habari za buchani hufika kabla ya nyama.

Wifi Dulcie ndiye katibu. Akasimama, akauliza kwa sauti ya kanisani kama ndege mpiga ngoma anaruhusiwa kwenye maonyesho. Daktari kasema hata kidogo, anaambukiza wenzake kwa maji ya kunywa na kwa kulishana. Basi Dulcie akajitolea kusimama mlangoni siku ile, kila ndege apitie sikioni mwake kwanza. Akamalizia kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Huku ananiangalia mimi! Nikamjibu Askofu wangu mzima wa afya, na mwenye wivu ajinyonge.

Jumatano, 6 Agosti

Nimejifungia bafuni, nikazima taa, nikamshika Askofu kiganjani. Nikalowesha manyoya ya shingo na kuweka tochi nyuma ya koo, kama daktari alivyoeleza. Ngozi yao nyembamba, mwanga unapita. Nikaviona. Vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, na vinatembea.

Nililia. Huyu mama yake alimtupa nje ya kiota, mimi ndiye niliyemlisha kwa kijiti cha meno hadi akaota manyoya. Kikombe nakitaka, lakini Askofu namtaka zaidi. Akifa sijui nitaficha wapi uso wangu, na moyo wangu pia.

Neville kagonga, anataka choo. Nikasema naoga. Akauliza mbona naoga na ndege. Nikamweleza mlango ukiwa umefungwa. Kasema dawa si ipo kwa Dk. Tran, tone moja tu kisogoni, niende. Niende! Pale mapokezi anakaa shoga yake Dulcie. Nikiingia saa nne, saa tano wifi keshajua. Siendi. Nina akili zangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango! Kila mwaka kabla ya maonyesho Dulcie hutia dawa ya utitiri kwenye maji ya banda lake zima. Alijisifu mwenyewe mkutanoni kwamba anaanza leo jioni. Basi kwa nini Askofu asiende kunywa? Bandani mna chiriku wa rangi hiyo tele, mmoja zaidi nani atamwona? Na kama ni kuambukiza, si wote wanakunywa dawa? Nimefikiria kila kitu.

Alhamisi asubuhi Dulcie huenda kucheza matufe, ule mchezo wa kuviringisha mipira kwenye nyasi. Nikapenya kwenye uzio, Askofu ndani ya kikapu cha mayai. Banda lina milango miwili na kijichumba katikati, ndege wasitoroke. Nikamwachia. Karuka juu, kajichanganya na wenzake. Alhamisi ijayo namchukua amepona, Jumamosi namshinda Dulcie kwa dawa ya Dulcie! Nimecheka peke yangu hadi mbavu zikauma.

Neville kauliza ndege yuko wapi. Nimesema kapumzika.

Jumamosi, 9 Agosti

Nyasi zimeganda barafu usiku wa pili huu. Na Askofu wangu, aliyezoea veranda yenye hita, analala nje! Hilo sikulifikiria.

Nikaoka skonzi upesi nikaenda kwa wifi. Kanikaribisha jikoni, kaonja moja, kasema safari hii zimeiva. Safari hii! Zilizobaki kazifunga kwenye karatasi, eti atakula baadaye. Nikachungulia bandani kupitia dirisha. Askofu simwoni. Nikasema nina hamu ya kuwasalimu ndege. Kasema wamepumzika. Kisha akanitazama muda mrefu, akaniuliza kama kuna jambo nataka kumwambia. Nikasema siagi ilikuwa kidogo.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepanda juu ya tangi letu la maji na darubini ya Neville ya mbio za farasi. Vichwa vyekundu vingi, lakini kifua kama chake hakuna. Nimetazama hadi macho yakatoa machozi, ya baridi na yasiyo ya baridi.

Amekufa. Nimemuua mimi, kwa ujanja wangu. Chakula cha jioni kimenishinda. Neville kala changu.

Alhamisi, 14 Agosti

Aibu nyingine hazina dawa.

Dulcie kaenda kwenye matufe. Nikaingia kutafuta hata mzoga, angalau nimzike. Mlango wa nje ukajifunga nyuma yangu, komeo likaanguka upande wa nje. Nikasukuma. Nikabembeleza. Nikatukana. Nimekaa bandani kwa wifi yangu, chiriku wananinyea kichwani. Mara mvua ikanyesha! Mvua ya Agosti, Kingaroy! Matufe yakaahirishwa. Dulcie akarudi mapema, akasimama nje ya waya na mwavuli wake, akanitazama toka juu hadi chini, akauliza:

“Wifi, umekuja kutaga?”

Hakufungua. Kasema niseme kwanza. Nikasema nimekuja kuazima mtama. Akaanza kuondoka na mwavuli. Basi nikasema yote, machozi na kamasi, kwamba Askofu alikuwa mgonjwa, nikamtia humu kwa siri, sasa amekufa na kosa ni langu.

Akafungua. Kanishika mkono hadi chumba cha kufulia. Askofu! Yuko hai, ndani ya sanduku lenye taa ya joto, kijiti kimewekwa chini asijichoshe kuruka, mtama uliochipua uko mbele yake. Nikakaa juu ya kapu la nguo chafu.

Kumbe Dulcie alimgundua siku ile ile. Kasoma pete ya mguuni, kakuta herufi zangu. Akampeleka kwa Dk. Tran, akatiwa tone kisogoni, maana ndege aliyezidiwa hanywi maji ya kutosha kupona kwa dawa ya majini. Usiku wa barafu Dulcie alilala kwenye kiti humo humo, akimsikiliza anavyopumua. Nikauliza mbona hakuniambia, hata nilipokuja na skonzi. Kasema alikuwa anangoja niseme mwenyewe. Kasema, “Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe ulikuja kukitia nguoni mwangu.”

Tena kuna zaidi. Kawaondoa ndege wake wote kwenye maonyesho. Dawa wamekunywa, lakini hawezi kusimama mbele ya watu akaapa kwamba hakuna aliyeambukizwa. Alisema bila hasira, akikunja taulo. Nikamkumbatia. Kweli nampenda wifi yangu. Nilimpenda hadi aliponiambia skonzi zile aliwapa kuku, na kuku wakazikataa.

Jumamosi, 16 Agosti

Maonyesho. Mimi na Dulcie tumekaa nyuma bila ndege hata mmoja, watu wakituuliza kama tumefiwa. Kikombe kachukua Mzee Athol, aliyekuwa akitusambazia barua zamani. Na chiriku gani? Kijivu! Mdomo mwekundu basi, ndege wa kawaida anayeuzwa kila duka! Mzee Athol kakikumbatia kikombe cha mama mkwe huku analia. Dulcie kapiga makofi hadi mikono ikawa myekundu. Mimi nilikuwa nimeshika keki.

Jumatatu, 18 Agosti

Askofu yuko nyumbani. Tik hakuna. Asubuhi nilitega sikio kwenye waya nikasikia kile kiwimbo chao chembamba, chororo, kinapanda na kushuka. Nimefurahi mpaka nikambusu Neville, akaniuliza nimevunja nini.

Dulcie kaja na chupa. Tumewatia ndege wangu wote tone moja moja, na baada ya wiki mbili tutarudia, kwake na kwangu siku moja. Kasema tuache ushindani wa kitoto, tuambiane ukweli. Nikaapa. Nimeapa kwa moyo mweupe kabisa. Mimi na hila, basi!

Kisha tukaenda mjini kumchagulia Mzee Athol zawadi ya ushindi. Wifi alitaka maua. Mimi nikashikilia saa ya ukutani. Muuzaji alitoa tatu, nikazisikiliza moja moja, nikachukua yenye tik, tik nzito kuliko zote. Wifi kanisifu kwa roho nzuri. Mzee Athol naye kashukuru sana, hasa nilipojitolea kuitundika mwenyewe. Nilikwenda na nyundo yangu. Iko kwenye ukuta wa banda lake, mahali isipoonekana, nyuma kabisa ya kile kichiriku cha kijivu. Kesho klabu nzima inakwenda kumpongeza bingwa, na Dk. Tran kaalikwa.