Pua ya Baba Si Thelathini na Moja

Nyamagana, Jumamosi

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kumbukumbu ya Mzee Otuoma,
Mkolani.

Dada Getruda, shikamoo.

Pua ya marehemu Baba ina upana wa 31 kwenye kipimo cha sifuri hadi mia. Hayo yalielezwa jana saa tano asubuhi na Kija, fundi wa kompyuta wa hapa mjini, baada ya kufungua faili la gemu la Favour na kutoa orodha nzima ya vipimo vya uso. Kwa heshima zote napinga matokeo hayo, na naomba barua hii isomwe kikaoni kabla ya chai, kwa kuwa baada ya chai huwa hamsikilizi mtu.

Niweke mambo sawa. Picha pekee ya Baba ililiwa na mchwa. Favour, binti wa Kaka Pius, akajitolea kumuumba upya kwenye gemu lake, lile la watu wanaojengewa nyumba, wanapika, wanaoga na kununiana. Wewe na Kaka mkakaa pembeni mkielekeza: paji panua, kidevu punguza. Mhoja, mchoraji tuliyempa kazi ya picha ya misa, akakataa kuchora kutoka kwenye skrini. Alisema watu wa gemu wanang'aa kama ndoo za plastiki, aletewe vipimo. Ndipo faili likapelekwa kwa Kija. Hadi hapo sina ugomvi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Pua. Nilimwomba Kija anipime na mimi kwa kipimo hicho hicho. Akanitazama, akasogeza kitufe, akasogeza tena, akasema, "Mzee wangu, uko themanini na nne, na hapo nimekuhurumia." Wewe Dada, samahani, hupungui themanini. Kaka nilimkadiria kwa mbali. Watoto watatu hawawezi kumzidi baba yao kwa pointi hamsini bila maelezo.

2. Masikio. Gemu hutunza nakala kila linapohifadhiwa, na kila nakala ina saa yake. Jumapili iliyopita, saa nane na dakika kumi mchana, masikio ya Baba yalikuwa 40. Saa nane na nusu yalikuwa 66. Katikati hapo Favour alikuwa jikoni anakaanga sangara, na aliyebaki sebuleni na kompyuta ni mtu mmoja mwenye masikio 66. Nilimpigia Kaka Pius simu. Alisema, "Mdogo wangu, we andika habari zako za pamba gazetini, masikio yaache." Hakukanusha.

3. Kija alipotoa sura, mengine yalitoka nayo. Faili linasema Baba anapenda dansi, ni mvivu, na ana mchumba nyumba ya jirani. Favour anaeleza kwamba alikwenda sokoni akaliacha gemu likiendelea. Sisemi ni uongo. Nasema hakuna chanzo.

4. Kwa hiyo naomba kila kiungo cha uso kiwe na mashahidi wawili wasio na maslahi. Wenye masikio wasitoe ushahidi wa masikio. Ukoo wote upimwe pua, wastani upatikane, Baba apewe. Ikishindikana, siku ya misa padre atangaze kwamba aliyechorwa ni mtu mwingine, na kwamba familia bado inamtafuta mhusika.

5. Nilikuwa na miaka mitatu Baba alipofariki. Nyinyi mna kumbukumbu zenu, mimi nina kioo. Kila ninaponyoa ndevu najua kwamba angalau pua ni yake. Kamati ikipitisha 31, sitakuwa na cha kuonyesha.

Naamini kikao kitatenda haki, au walau kitaandika kwenye muhtasari kwamba nililalamika. Nisalimie shemeji Paulo na wote hapo nyumbani. Favour mwambie simlaumu. Msalimie na Kaka, masikio yote mawili.

Mdogo wako,
Odero Otuoma

Nyongeza, Jumapili jioni. Barua hii imechelewa kwa sababu niliona nipate kwanza shahidi. Kamati iliagiza Mama asiulizwe, ili picha imshtukize; nami, pamoja na miaka ishirini na sita ya kazi ya habari, nilikubali. Leo nimekwenda Magu nikamwonyesha sura aliyonichapia Kija. Mama ameisogeza dirishani, akasema, "Huyu ndiye. Mmemtoa wapi?"

Nikamuuliza kuhusu masikio. Ni sawa. Dansi pia ni kweli. Nikamuuliza kuhusu pua yangu.

"Hiyo ni ya kaka yangu Ooko. Kwa baba yako hazikuwepo pua za hivyo." Akacheka mwenyewe. "Wewe ulichukua mwendo. Ukiingia hapo uani nikiwa nimeinama, nainua kichwa nikidhani ni yeye."

Naondoa malalamiko yote. Nimempigia Kija. Anasema kwenye faili mwendo una sehemu yake, na hakuna aliyeigusa. Tunaijaza Jumanne saa nane mchana, nikitembea mbele yake. Ameniomba nivae viatu vya kila siku.