Presha ya Bibi na Ratiba Yangu ya Utulivu

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeamua. Nyumba hii itatulia, itake isitake.

Leo nimempeleka Bibi zahanati, wamempima presha. 176! Hiyo ni ya juu. Ya chini sikuisikia, nilikuwa namuuliza daktari kama mashine yake imewahi kufunguliwa ikasafishwa ndani. Mimi ni fundi simu, nimejifunza mwenyewe, hakuna mashine ya kunidanganya. Daktari kasema nisubiri nje. Nimesubiri nje.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi ijayo kuna maulidi Mkwiro, kule kisiwani alikozaliwa Bibi. Miaka sita hajavuka kwenda kumwona dadake, Bi Mwanakombo, naye Bi Mwanakombo goti halimruhusu kuja huku Msambweni. Daktari kasema kwa presha hii Bibi haingii kwenye boti. Arudi Ijumaa. Ikiwa chini ya 150, aende. Ikizidi, akae.

Tulipofika nyumbani alimtazama jogoo wake mwekundu, yule anayemnonesha ampelekee dadake, akamwambia haya baba, na wewe subiri.

Daktari kaagiza vitu vitatu: vidonge, chumvi kidogo, utulivu. Vidonge Bibi anavyo. Chumvi ni kazi ya Salwa, ndiye mpishi. Utulivu hakuna aliyejitokeza. Nimejitokeza.

Salwa ni binti wa amu yangu. Ni mhudumu wa afya ya jamii, ana fulana yake na mashine ya presha ya mkobani, anatembea kama mtu aliyebeba mayai. Mtaa mzima unamsifu. Atampima Bibi kila siku baada ya laasiri. Na wa kumsindikiza Bibi Mkwiro ni mmoja tu, mwingine abaki na nyumba na kuku.

Tutaona ni nani.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimetazama video kumi na moja kabla ya chai. Sasa nina Ratiba. Tabia Ndogo Kumi na Nne za Kutuliza Moyo! Nimeibandika ukutani kwa gundi ya vioo vya simu. Haitoki ng'o.

Nimemchunguza Bibi tangu alfajiri. Akishaswali anabaki kwenye mkeka, anavuta tasbihi yake ya mbao, midomo inacheza. Halafu anafagia uwanja, taratibu, kama anaupapasa. Halafu anakunywa chai na Atieno, mpangaji wa nyumba ya pili, mtu wa bara anayefua mashuka kwenye hoteli moja ya Diani. Wanacheka mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Basi. Hana saa. Hana lengo. Hana hesabu. Na watu wanashangaa presha inatoka wapi!

Tasbihi ya mbao nimeichukua. Nimempa ile ya kubonyeza, ya kuvaa kidoleni, inayolia pii ikifika thelathini na tatu. Bibi kauliza inamlilia nani. Nikamwambia inamkumbusha asisahau. Kasema yeye hajasahau, na Mola hasahau, sasa aliyesahau ni nani? Nikamwambia mada hiyo iko wiki ya pili.

Ufagio nimeuficha. Nimefagia mimi. Dakika nne uwanja mzima! Vumbi limeingia kwenye chai ya Atieno, lakini mgeni hatakiwi kukaa upande wa upepo.

Presha: 179. Salwa kaandika kwenye daftari, akapiga mstari chini yake. Mstari wenyewe una kiburi ndani.

Jumapili, 14 Septemba

Wazo kubwa!

Nina simu sita za wateja waliozileta mbovu wakapotelea mbali. Usiniulize vipi, nimezifufua zote. Nimerekodi sauti yangu, nzito, ya hekima. Kila simu mahali pake na saa yake. Ukumbini: mtaje Mola wako. Jikoni: anza kwa bismillahi, tafuna polepole. Chumbani: pumua. Chooni sikuweka tajo la Mola, adabu naijua. Nimeweka: taratibu, usiteleze.

Saa nne na robo Bibi yuko chooni, mlango kaukomea, mara sauti ya mwanamume ikamwambia taratibu, usiteleze.

Yowe lilifika barabarani. Atieno, ambaye ndiyo kwanza anatoka kanisani, kaingia mbio na mwavuli juu, anauliza mwizi yuko wapi. Nikamweleza. Kaniambia wee Tofiki, manze, utaua shosho wa watu. Watu wa bara, bibi wanamwita shosho, na subira hawana.

Ya jikoni imekataa kuzima, namba ya siri anaijua mteja mwenyewe tu. Kila nusu saa inaanza. Salwa kaifukia kwenye debe la unga. Bado inasikika, ila sasa ni kama bismillahi ya maiti.

Presha: 184. Mwili unapigana na mabadiliko. Video ilisema hivyo hivyo.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimefunga sunna ya Jumatatu. Njaa hunifanya niwaze mambo makubwa.

Tabia ya tisa: sadaka kila siku. Sadaka huondoa balaa, kila mtu anajua. Na video ikasema toa kile ambacho moyo umekishikilia. Nikajiuliza, moyo wa Bibi umeshikilia nini?

Jogoo!

Nimembeba mpaka kwa Atieno, nikamwambia ni sadaka kutoka kwa Bibi. Atieno kaniuliza mara tatu kama nina hakika. Mara tatu nikasema ndiyo. Kama angekuwa na imani ingetosha mara moja.

Adhuhuri Bibi katoka na pumba mkononi. Akaita. Akaita tena. Nikamfuata nimweleze thawabu zilizokwisha kuandikwa. Alikaa kwenye kigoda, pumba bado kaishika, akasema taratibu sana kwamba, Tofiki, mjukuu wangu, yule alikuwa wa Mwanakombo.

Basi. Hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba.

Salwa ndiye kagomba kwa niaba ya wote. Eti sadaka mtu hutoa chake, na hicho nilichofanya ni wizi wenye nia njema. Nikamkumbusha tabia ya tatu, kushusha sauti. Akaishusha, akarudia maneno yale yale.

Presha: 188. Nikamwambia anipime na mimi tulinganishe. 117! Na swaumu juu! Kumbe ratiba inamfaa anayeifuata. Tatizo ni wafuasi.

Jumanne, 16 Septemba

Kumekucha na heshima. Bibi kaniita, kasema anahitaji asali safi kutoka kwa mjomba Dzombo, Kikoneni, na hakuna wa kuichagua ila mimi. Nisiwe na haraka. Nikae siku mbili tatu.

Nikauliza ratiba itasimamiwa na nani. Kasema atajitahidi. Alijibu upesi sana, kabla sijamaliza kuuliza. Nimemwachia maagizo kurasa tatu. Salwa kanibebea begi mpaka stendi! Hajawahi tangu tuzaliwe. Naona ameanza kunikubali.

Mjomba Dzombo ametulia kama jiwe la mtoni. Nikamuuliza siri yake. Kasema palizi. Nikamwambia palizi si tabia ndogo, ni kazi. Akanipa jembe nijionee.

Magharibi ujumbe wa Salwa: 165. Unaona! Simu zimeanza kuwaingia!

Jumatano, 17 Septemba

Mikono imejaa malengelenge. Sijali.

Presha: 151! Nimemwonyesha mjomba. Nimemwonyesha mke wa mjomba. Nimemwonyesha mtu aliyekuja kuomba panga.

Nikampigia Bibi kumpongeza. Nyuma yake nasikia ufagio, kicheko cha Atieno, na kwa mbali jogoo anawika. Nikauliza kama simu zinatoa mawaidha kwa wakati. Bibi kasema zinatoa, mwanangu, zinatoa, wewe kaa huko mpaka asali iwe tayari. Asali iko chupani tangu jana. Sikumsahihisha. Mzee akishika ratiba, usimvurugie.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimerudi! Kesho ndiyo siku yenyewe, na nahodha haachi chombo kikiingia bandari. Mjomba kanisihi nibaki mpaka Jumapili, kisha akaniahidi mbuzi. Simu ya Salwa ilikuwa imetangulia kufika kwake, sijui walizungumza nini. Nimekataa mbuzi kwa ajili ya Bibi. Iandikwe.

Nimeingia ukumbini baada ya laasiri, Salwa ana mkanda mkononi mwa Bibi na mashine inaonyesha 144. Mia na arubaini na nne! Nikaruka. Nikapiga takbiri kwa sauti niliyokuwa nayo yote. Bibi naye akaruka, mkanda na mashine juu.

Salwa kapima tena: 169. Mashine mbovu hiyo. Nikajitolea kuifungua. Wote wawili wamesema hapana, kwa pamoja, kama kaswida.

Na sikiliza nilichokikuta. Simu zote sita ziko kwenye debe la unga. Ratiba imefunikwa na kalenda. Bibi ana tasbihi yake ya mbao, sijui kaitoa wapi. Nyumba imelegea! Siku mbili tu sipo! Bahati nimewahi, nimerekebisha kila kitu kabla ya magharibi.

Nilipita chumbani kwake, mlango wazi. Nguo za safari zimekunjwa juu ya kitanda, buibui juu, na ndani yake picha ya zamani ya wasichana wawili wamevaa leso moja. Kaniona. Kaniuliza, Tofiki, unadhani itashuka? Nikamwambia, Bibi, mimi sitalala mpaka ishuke. Kafumba macho kidogo.

Ijumaa, 19 Septemba

Mpango ulikuwa nimsindikize zahanati nikimsomea tabia zote kumi na nne njiani. Baada ya alfajiri kanishika mkono. Kasema kuna haja moja kubwa, na mjukuu ni mimi. Anataka leso ya kumpelekea dadake, ya zambarau, maua ya karafuu, jina lililochapwa pindoni UTULIVU WA MOYO NI MJUKUU. Nizunguke Ukunda yote. Nisirudi mpaka niipate.

Machozi yalinitoka. Nikaapa.

Maduka kumi na saba! Za zambarau zipo. Za karafuu ziko mbili. Jina hakuna. Mzee Kalama, mwenye duka la mwisho, kavua miwani akaniambia kijana, jina hilo halijachapishwa, na kwa ninavyowajua wajukuu, halitachapishwa.

Saa tano ujumbe wa Salwa: 146. Daktari ameruhusu.

Nikalia pale pale juu ya marobota ya kitambaa, wallahi. Mzee Kalama kaniletea maji. Nikayanywa nimekaa, kwa mafunda matatu. Tabia ya tano.

Jumamosi, 20 Septemba

Wamevuka.

Gatini Shimoni, asubuhi, Bibi kasema atakwenda na Salwa. Sababu: nyumba inahitaji mtu madhubuti. Hilo sikuweza kulipinga. Halafu Salwa akafungua kapu, akatoka jogoo! Kumbe Atieno hakumchinja. Alimfunga kwenye mguu wa kitanda, siku ya pili akamrudisha, eti alijua shosho atamtaka, na niliporudi mimi wakamficha tena. Sadaka yangu imekataliwa na mpokeaji! Jogoo kapanda kwapani mwa Salwa, ametulia kuliko abiria wote.

Jogoo amepata nafasi kwenye boti. Mimi nimebaki na asali mkononi, Bibi kaisahau.

Sikukasirika. Tabia ya kwanza ni subira.

Baada ya isha Bibi kapiga simu. Nasikia dufu. Nasikia yeye na Bi Mwanakombo wanacheka mpaka wanakohoa, hawawezi kumaliza hata salamu. Mara Salwa kachukua simu, kasema presha ni 132.

132! Ratiba yangu imevuka bahari yenyewe, bila mimi! Sasa je, ningekuwepo?

Nikauliza ya Bi Mwanakombo. Salwa kasema 120, sawasawa kabisa, haina haja ya kitu chochote, Tofiki, chochote. Alivyolirudia lile neno sikupenda. Mama wa miaka themanini na tatu, goti bovu, dufu masikioni, ukutani hakuna hata tabia moja, halafu 120? Huyo anaficha kitu.

Simu sita nimezitoa kwenye unga, ziko kwenye chaji. Gundi ninayo. Asali ninayo. Nyumba nimemkabidhi Atieno pamoja na nakala ya ratiba, kasema niende salama, tena ikiwezekana nikae sana. Boti ya kwanza kesho ni saa moja asubuhi.

Sijawaambia. Nataka washtuke kwa furaha.