Mgombea Asiyekunywa Chai

Ijumaa, 8 Juni 2007
Mwenyekiti wetu amerudi Kenya kabisa. Kiti kiko wazi. Kiti chenyewe sikitaki. Nataka chumba. Chama chetu cha Wakenya wa Wadi Kabir, hapa Omani, hukutana katika ghala la Mzee Thani, Mwomani mzaliwa wa Unguja, na nyuma ya ghala kuna chumba anacholala mwenyekiti, kwa kuwa ndiye mtunza funguo. Kina AC. Mpya! Kwetu tunalala sita chumba kimoja, AC ilikufa Mei, na Sammy hulala sakafuni na taulo lililolowa kifuani kama maiti inayosubiri ndege.

Nilidhani nagombea peke yangu. Kumbe Japheth naye yumo, yule dereva wa lori la maji. Mpole, mwaminifu, hupiga pasi hata shati la kazini. Hana doa. Nitalitafuta.

Jumamosi, 9 Juni
Nimelipata. Sammy anasema Japheth ni Mmormoni. Nikauliza ndiyo nini. Hajui, ila aliwahi kuwaona vijana wao wawili wa Kizungu kule Nairobi, mashati meupe na tai, wakitembea juani kwa hiari yao. Nikamwambia hilo peke yake latosha kumtilia mtu shaka. Nikaongeza niliyoyasikia mahali, sikumbuki wapi. Wanaoa wake wengi. Wana kitabu chao kingine. Na hawanywi chai.

Wake wengi hawakumshtua, babu yake alikuwa nao wanne. Lakini kwenye chai alikaa kitako. Sasa huyo asubuhi anaamka afanye nini, akauliza.

Jumatatu, 11 Juni
Habari inatembea vizuri. Asubuhi nilimnong'oneza fundi mwenzangu pale gereji ninapofanya kazi. Jioni nikanong'onezwa mimi, habari ikiwa imenenepa: Japheth ana wake saba, na akishinda, chama kitaendeshwa kwa simu kutoka Amerika. La simu sikulisema mimi. Nimelipenda.

Jumanne, 12 Juni
Mpango mkubwa. Ghala ni la Mzee Thani, na asiyempendeza mzee hatalala nyuma ya ghala lake. Nikamwalika Japheth twende tukamwamkie. Kwa mzee hukosi halua na kahawa, na kahawa ya Mwomani haikataliwi hivihivi.

Kahawa ikaja. Japheth akaweka mkono kifuani, akaomba radhi, akasema dini yake haimruhusu. Nikainama kuficha furaha.

Mzee akamtazama sana. Pombe je? Hapana. Sigara? Hapana. Na kufunga? Hufunga, siku moja kila mwezi. Mzee akaagiza sharubati iletwe haraka kwa mgeni wake, kisha akanigeukia. "Huyu ana dini yake na kaishika. Wewe, bwana wee, nnakujua siku nyingi, sijakuona umekataa kitu."

Kwao ukitosheka unakitikisa kikombe wasikuongeze. Nilikuwa kwenye cha nne. Sikuwa nimetikisa.

Alhamisi, 14 Juni
Si neno. Bado kuna lile la wake wengi. Kesho ni kura, na kabla ya kura wagombea huulizwa maswali. Nimempelekea Wambui, kiongozi wa akina mama, swali moja: mgombea awataje wake zake mbele ya watu. Wambui hana mchezo na wanaume. Amesema swali ni zuri hata anashangaa limetoka kwangu.

Ijumaa, 15 Juni
Wambui alilipenda swali kupita kiasi. Akaamua tuulizwe wote.

Japheth akasimama. Mmoja tu, yuko Kakamega, humpigia simu kila Ijumaa. Kanisa lake liliacha mambo ya wake wengi zaidi ya miaka mia iliyopita, na leo ukioa wa pili unafukuzwa. Na kitabu hicho kingine wanacho, lakini Biblia pia wanaisoma. Akina mama wakapiga makofi. Mmoja akauliza kama kanisa hilo linapokea mume aliyekwisha kuharibika.

Kisha Wambui akanitazama. "Na wewe Fidel, baba, hebu tuhesabie."

Nikasema ndoa ni jambo la faragha, na dini isichanganywe na siasa. Ghala zima likacheka. Beryl, aliyezaliwa kijiji kimoja na mke wangu wa Machakos, akasema basi atanisaidia, akamtaja. Nikashukuru, nikataka kukaa. Maryanne akasema bado, akamtaja yule wa Mtwapa. Kumbe ni jirani yake, ukuta kwa ukuta! Wanawake hawa hukutana wapi?

Nilipata kura moja, yangu. Sammy anaapa alinipigia.

Jumapili, 17 Juni
Japheth kaja gereji. Nikashika spana, kwa tahadhari. Hakuja kupigana. Alisema chumba ni kikubwa na hapati usingizi akifikiri wenzake wanavyoungua. Nihamie leo. Sammy atafuata Alhamisi, kitanda kikipatikana. Kuhusu maneno yangu hakutaja hata moja, na ninajua anayajua.

Jumatatu, 18 Juni
Nimeamka shati kavu, mara ya kwanza tangu Mei. Japheth alikuwa ameshaondoka na lori lake, ameniachia chai kwenye chupa. Ameipika yeye, asiyeinywa. Tamu. Nilikaa nikafikiri. Karibu niende kumwomba msamaha, nilikuwa nimeshavaa hata viatu.

Ndipo nikakitazama kitanda chake. Kiko chini ya AC kabisa. Changu kiko mlangoni.

Nilipita kwa Sammy kabla ya kazi. Nimemwambia, na abaki nalo moyoni, kwamba Wamormoni ni lazima walale upande wa chumba ulio karibu zaidi na Amerika. Amerika, kwa hesabu yangu, iko upande wa mlango.